SOMO LA KIKUNDI: AKILI IKIPUNGUA, MTU HAPUNGUI



Safari hii tusome jambo ambalo wengi wetu hulificha ndani ya nyumba: kuwatunza wazee waliopatwa na ugonjwa wa kusahau. Kiongozi asome hadithi kwa sauti, halafu tujadiliane.

HADITHI

Hapa Salaita tulimtembelea nyanya mmoja anayetunzwa na mke wa mwanawe. Kila jioni nyanya alikuwa akichukua kikapu na kusema, "Nawaendea watoto." Watoto wenyewe ni watu wazima, wana wajukuu. Mkaza mwana humwambia, "Mama, watoto walishakua!" Basi ugomvi. Mwishowe mlango hufungwa kwa kufuli, maana giza likiingia ndovu hupita mashambani. Nyanya hugonga akilia. Majirani wakaanza kunong'ona, ati amerogwa. Wengine, ati mchawi ni yeye. Mkaza mwana akaacha kuja kikundini. Angemwachia nani?

Sisi nasi tulikosea. Tulimwuliza, "Nyanya, leo ni siku gani? Unatukumbuka?" Akainama, asiseme neno tena. Tulimpa mtihani kabla ya kumwamkia.

Siku moja mkaza mwana alichoka kubishana. Akabeba kikapu, akamshika mkono, wakatembea mpaka kwenye mwembe. Akamwuliza, "Watoto wanapenda kula nini?" Nyanya akasimulia njia nzima. Walipofika akasema, "Basi turudi tuwapikie." Tangu hapo hutembea hivyo kila siku mapema, jua lingali juu. Wakirudi, nyanya hupewa maharagwe achambue. Mawe mengine hubaki, na mkaza mwana huchambua tena nyanya akilala. Tulimwuliza kama hachoki kufanya kazi mara mbili. Alijibu, "Mawe nitayatoa mimi. Yeye nampa kazi."

TUJUE

Huu ni ugonjwa wa ubongo. Si uchawi, si laana, wala si ukaidi. Aina inayopatikana zaidi imepewa jina la Alois Alzheimer, daktari wa Ujerumani aliyeieleza mwaka 1906. Duniani wagonjwa ni zaidi ya milioni 55, na wengi wao wako katika nchi zisizo tajiri, kama yetu. Dawa ya kuuponya haijapatikana. Lakini utunzaji upo, na huo uko mikononi mwetu.

Angalieni: mzee akichanganyikiwa ghafla, kwa siku moja mbili tu, huenda ni malaria, ugonjwa mwingine, au kukosa maji mwilini. Apelekwe hospitali haraka.

TUFIKIRI

Wazee walisema, mtu ni watu. Mwanateolojia wetu John Mbiti aliandika mwaka 1969 kwamba kwa Mwafrika, mtu yupo kwa sababu wenzake wapo. Mwaka 1997 Tom Kitwood wa Uingereza alifundisha jambo la karibu na hilo: hali ya mgonjwa wa kusahau haitokani na ubongo peke yake, bali pia na jinsi anavyotendewa. Akidharauliwa, anazidi kupotea. Akiheshimiwa, anatulia.

Lakini tusikosee hapa. Si sisi tunaompa mzee utu wake, alipewa na Mungu. Yeye akishindwa kukumbuka yeye ni nani, sisi tunamkumbukia. Ndiyo maana Yoshua bin Sira, katika sura ya 3, anatuagiza tumvumilie mzazi hata akili zikimpungukia. Katiba yetu ya 2010 nayo, kifungu cha 57, inasema mzee ana haki ya kuishi kwa heshima na kutunzwa na jamaa yake na Serikali.

TUFANYE

1. Mwamkie kwanza, kisha jitaje: "Shikamoo nyanya, ni mimi, mtoto wa fulani." Usimwulize kama anakujua.
2. Usibishane. Sikiliza kilicho nyuma ya maneno. Anayewatafuta watoto ana upendo usio na mahali pa kwenda.
3. Zungumza naye lugha ya utoto wake, iwe Kitaveta, Kidawida au Kikamba. Mara nyingi hiyo hudumu kuliko nyingine.
4. Mpe kazi ya mikono na nyimbo anazozijua.
5. Majirani wote wajue, ili akionekana njiani arudishwe kwa upole.
6. Kikundi kinazungusha pesa; kizungushe na saa pia. Wanachama wawili kwa zamu wakae na mzee, anayemtunza aende sokoni Taveta, kanisani, au alale tu.

MASWALI

- Katika hadithi, ni nani aliyeachwa peke yake? Ni mmoja au ni wawili?
- Kijijini kwetu yuko mzee anayesingiziwa uchawi kwa kuwa anasahau? Nani atasema ukweli hadharani?
- Wiki hii zamu ya kwanza ni ya nani?

Tusifunge mkutano kabla swali la mwisho halijapata jina. Mungu awabariki.