TB imepona, mbona bado nahema?

Swali: Daktari, nilimaliza dozi ya TB ya miezi 6 na makohozi hayana tena vijidudu. Mbona nikipanda ngazi nahema?

Jibu: Pole sana. Dawa ziliua bakteria, lakini sehemu kubwa ya uharibifu ilifanywa na kinga yako mwenyewe. Seli nyeupe za damu huwazingira bakteria na kumwaga vimeng'enya vinavyoyeyusha nyuzi zinazoshikilia pafu. Hapo hutokea matundu, kisha makovu magumu yasiyotanuka unapovuta pumzi. Kovu halifutiki kwa dawa, kwa hiyo usirudie dozi bila kupimwa upya. Omba eksirei na kipimo cha kupuliza pumzi. Mazoezi ya kupumua na kutembea husaidia kweli. Ukikohoa damu, nenda hospitali siku hiyohiyo.