Hesabu Miguu Kwanza

Mwaka jana nilichora vipepeo watatu kwenye ubao wa chama chetu nikawaita spishi tatu. Nilikosea, na hakuna aliyenisahihisha. Wote walisifu rangi tu. Basi najisahihisha mwenyewe.

Wa kwanza ni wa manjano hafifu, kingo za mabawa ni nyeusi, na kila bawa la nyuma lina mkia. Wa pili hana mkia, ni mweusi mwenye mabaka meupe. Wa tatu ni wa rangi ya chungwa, ncha za mabawa nyeusi zenye doa jeupe. Kumbe wote ni Papilio dardanus! Wa kwanza ndiye dume, hao wengine ni majike. Hata wataalamu walikuwa wakiwatenganisha mpaka Roland Trimen, aliyefanya kazi Afrika Kusini, alipoandika mwaka 1869 kuwa ni spishi moja. Huko Madagaska jike ana mkia na amefanana na dume.

Jike wa huku huiga vipepeo wenye sumu. Yule wa chungwa humwiga Danaus chrysippus, ambaye alipokuwa kiwavi alikula mimea yenye utomvu mweupe wa sumu. Ndege akimwonja humtema, na siku nyingine hamgusi. Jike wetu hana sumu hiyo, amevaa nguo za kuazima tu.

Sasa utawatofautishaje? Rangi usiziamini hata kidogo, maana ndizo zinazodanganya. Ngoja atue, uhesabu miguu. Papilio husimama kwa miguu sita. Danaus naye anayo sita, lakini miwili ya mbele ni midogo mno na ameikunja kifuani, kwa hivyo utaona minne. Taabu ni kwamba Papilio akinyonya ua hupigapiga mabawa, hatulii, mpaka shingo ikuume.

Wale vipepeo wakubwa kuliko wote duniani, wa Papua New Guinea, ni wa familia hii hii. Jike wao hupita sentimita 25 toka ncha ya bawa hadi ncha, naye ni wa kahawia, ilhali dume ni mdogo mwenye kijani na buluu.

Wa kwetu hana haja ya safari. Kiwavi wake hula majani ya milimau, na ukimgusa hutoa pembe mbili zenye harufu kali nyuma ya kichwa. Mimi nilimvizia jike wa chungwa kwenye mlimau wetu Ruiru, nikahesabu mara nne. Sita.