Vumbi la Kiangazi kwenye Meza ya Kazi

Mwalimu wa Sumbawanga anayesahihisha madaftari nyumbani hulijua vumbi la kiangazi. Kuanzia Mei hadi Oktoba mvua ni haba sana katika uwanda wa juu wa Ufipa, na upepo hupeperusha udongo mkavu mpaka mezani. Wengi hufuta meza kwanza, kisha hufagia sakafu. Yafaa utaratibu huo ugeuzwe.

Katika hewa tulivu, chembe ya udongo yenye kipenyo cha milimita 0.01 huanguka mita 1.5 kwa dakika 3 hivi. Ile ya milimita 0.001 huchukua zaidi ya saa 4. Vumbi lililotimuliwa asubuhi huwa lingali likitua adhuhuri. Kwa hiyo kompyuta na vitabu hufunikwa kwanza, sakafu hunyunyizwa maji na kufagiwa, na meza hufutwa mwisho kwa kitambaa chenye unyevu. Maji hunasa chembe. Kitambaa kikavu huzihamisha tu.

Kompyuta huzimwa na kuchomolewa, ndipo matundu yake husafishwa kwa brashi laini, kavu. Sumbawanga iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa yake ni kama asilimia 80 ya ile ya Dar es Salaam. Kila lita ya hewa inayopulizwa na feni ina tungamo pungufu, na huondoa joto pungufu. Baridi ya Ufipa husaidia kiasi, lakini si pale matundu yanapoziba.

Mvua zianzapo, mwezi Novemba, hatari huwa kuvu; kabati la vitabu husogezwa mbali na ukuta ili hewa ipite nyuma yake.