Kufundisha Uchoraji wa Vitu vya Nyumbani kwa Rangi za Udongo

Mwalimu mwanafunzi apelekwapo kufanya mazoezi katika shule za Bariadi, Itilima au Maswa, huenda akakuta kabati lisilo na rangi wala brashi. Akiliahirisha somo la uchoraji kwa sababu hiyo, watoto watamaliza shule bila kujifunza kutazama. Hana budi kutambua kuwa vifaa vya somo hilo vimo katika mazingira ya shule yenyewe.

Usukumani ukuta umewahi kuwa ubao wa kufundishia. Mwaka 1953 Hans Cory alichapisha huko London kitabu juu ya michoro ya ukutani ya wacheza nyoka. Chama chao kilichora kuta za ndani za nyumba, na michoro hiyo ikatumika kuwafunza wanachama wapya. Mafunzo yale yalikuwa ya siri. Kwa hiyo tusiwaagize watoto kunakili alama za chama. Lililo letu kuiga ni njia: rangi chache, ukuta wa udongo, na mchoro wenye jambo la kufundisha.

Matayarisho

Twanga mkaa, udongo mwekundu na udongo mweupe, kila kimoja peke yake, kisha chekecha kwa kitambaa. Pika uji mwembamba wa unga wa muhogo uwe gundi. Ukipoa, changanya na rangi. Jaribu kwanza pembeni mwa ukuta. Rangi ikikauka, ipanguse kwa kidole: ikiacha vumbi, ongeza gundi, ikibanduka, ipakwe nyembamba zaidi. Vijiti vilivyopondwa ncha mfano wa mswaki vyatosha kuwa brashi. Watoto wasishike chokaa, kwani huunguza macho na ngozi.

Hatua za somo

Kwa darasa la tano, tenga vipindi viwili vya dakika 40. Panga kibuyu, chungu na tawi la pamba iliyopasuka juu ya meza karibu na dirisha. Uliza: Mwanga watoka upande gani? Kivuli chaangukia wapi? Watoto watazame kwa dakika tano pasipo kuchora. Kisha wachore maumbo kwa mkaa, wajaze kibuyu na chungu kwa rangi nyekundu, waongeze nyeupe upande wa mwanga na nyeusi upande wa kivuli. Hapo ndipo kibuyu kitakapoonekana mviringo.

Mtoto aghalabu huchora chungu anachokijua badala ya kile anachokiona. Usimshike mkono kumsahihisha; mrudishe mezani akatazame tena.

Somo lifuatalo liwe la pambo la ukuta. Wako mafundi wachorao mistari juu ya lipu ili ukuta ufanane na mawe au matofali. Wanafunzi watazame kwanza ukuta halisi: viungo vya safu moja havilingani na vya safu ya chini, na kila ukingo una kivuli chake. Kisha waige sehemu ndogo ya ukuta wa ndani, usionyeshewa na mvua, kwa ruhusa ya mwenyewe.

Upimaji

Usipime kwa uzuri wa picha peke yake. Mwulize mtoto mwanga ulitoka wapi katika mchoro wake. Akionyesha upande huo na kueleza sababu, basi amejifunza kutazama.