Gurudumu Endeshi na Sakafu Yake

Mkazi wa Kasingirima asukumapo baiskeli kwenye mchanga wa ufuko wa Ziwa Tanganyika, tairi jembamba huzama. Mjini Kigoma, ambako reli ilifika mwaka 1914, gurudumu la chuma hubiringika kwa wepesi, ila huteleza upesi. Hivyo kichwa cha garimoshi hunyunyiza mchanga juu ya reli. Basi, gurudumu huchaguliwa kwa kutazama sakafu kwanza.

Roboti ya ghalani hufuata kanuni hiyo hiyo. Gurudumu endeshi lililobeba uzito wa nyutoni 1,000, uwiano wa msuguano ukiwa 0.6, haliwezi kusukuma kwa kani inayozidi nyutoni 600, hata mota iwe na nguvu kiasi gani. Sakafu ikilowa na uwiano kushuka hadi 0.3, hubaki nyutoni 300.

Zoezi: Kupanda mwinuko kwahitaji nyutoni 450. Je, sakafu ikilowa, ni salama mfanyakazi kusimama nyuma ya roboti hiyo?