Somo la Biolojia: Mutoki Ukiwa Safi, Mgonjwa Amepona?

Juma hili mwenzetu mmoja wa mwaka wa sita aliuliza darasani: munganga akitoa mutoki wa mgonjwa wa kansa ya ngozi, akaukuta safi, basi ugonjwa hautarudi? Wengine tulicheka. Mwalimu yeye hakucheka, akatutuma kwenye vitabu.

Kansa hiyo inaitwa melanoma. Inaanza katika chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi. Tunasema ni ugonjwa wa Wazungu, na kweli wao inawapata zaidi, juu ya jua. Lakini sisi weusi inatushika mara nyingi pale jua halifiki: chini ya unyayo, kiganjani, chini ya ukucha. Bob Marley, yule mnayemwimba kila siku, aliambiwa mwaka 1977 kwamba anayo kwenye kidole cha mguu. Alikufa tarehe 11 Mei 1981, na miaka 36 tu.

Toka mguuni chembe mbaya zinafuata njia ya limfu mpaka mitoki ya kinena. Mwaka 1992 munganga Donald Morton wa Marekani na wenzake walieleza namna ya kuzivizia: wanachoma sindano ya rangi ya buluu pale kansa ilipoanzia, wanafuata rangi, wanatoa mutoki wa kwanza inapofika, na kuutazama kwa mikroskopi.

Mwaka 2014 yalitoka matokeo ya miaka 10. Kwa melanoma ya unene wa kadiri, wagonjwa ambao mutoki huo ulikuwa safi, karibu 85 katika 100 hawakuuawa na kansa hiyo. Ulipokuwa na kansa, 62. Mwenzetu, hesabu wale 15 wa kwanza: mutoki wao ulikuwa safi!

Sasa kwa nini wasitoe mitoki yote? Sisi pia tuliwaza hivyo. Uchunguzi wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba kutoa yote hakukurefusha maisha, na 24 katika 100 walivimba mkono ao mguu. Kwa walioangaliwa tu, 6. Kwa hiyo munganga anaendelea kumwita mgonjwa miaka mingi, anapapasa kovu na kinena.

Hapa Kalemie tunacheza mpira miguu mitupu, na doa jeusi la unyayo tunaliita mwiba wa zamani. Damu iliyovilia chini ya ukucha inasogea mbele ukucha unapokua. Doa lisilosogea, ao linalopanuka, lionyesheni kwa munganga mapema, mutoki haujavimba bado.