Mboga ya Januari Hupandwa Novemba

Ukinunua mboga ya shilingi 50 kila jioni, mwezi ukiisha umetoa 1,500. Hela hizo hazikuumi kwa sababu zinatoka kidogo kidogo. Utazisikia Januari: mvua za vuli zimekatika, karo inadaiwa, na fungu la chinsaga (mgagani) pale soko la Daraja Mbili limekonda huku bei ikipanda. Bustani yangu ya nyuma ya jiko naipangia mwezi huo.

Huku Kisii na Nyamira, shamba la babu limegawanywa likagawanywa tena. Kwa hiyo karibu na nyumba sipandi mahindi, napanda kinachonitoa pesa kila siku.

Chinsaga ndiyo ya kwanza. Mbegu iliyovunwa juzi huwa ingali imelala. Itunze miezi mitatu au zaidi. Ichanganye na mchanga ili isimwagike rundo, chora mistari, kisha funika kwa udongo mwembamba sana. Panda mstari mmoja, na baada ya wiki mbili mwingine, ili isikomae yote kwa pamoja. Baada ya mwezi hivi, anza kwa kung'oa iliyosongamana, halafu chuma vichwa. Kila asubuhi pita ukikagua: kichwa kikianza kufunga maua, kikate kwa ukucha. Ukikiacha, nguvu yote inaenda kwenye mbegu na majani yanabaki madogo. Ila mimea michache yenye afya iache itoe maua. Maganda yake yavune yakigeuka manjano, kabla hayajapasuka.

Managu (mnavu) hupenda samadi iliyooza vizuri. Kata shina, acha kimo cha kiganja, litachipua tena. Sukuma wiki chuma majani ya chini, usiguse kilele. Enderema ni rahisi kuliko zote: chomeka kipande cha shina kando ya ua, kitatambaa chenyewe.

Kiangazi kikikaribia, funika udongo kwa majani makavu ya migomba, na maji ya kuoshea mboga yamwage shinani. Weka pipa chini ya paa wakati mvua bado zipo.

Kama umepanga chumba mjini, tumia gunia. Simamisha kopo lisilo na tako katikati, lijaze kokoto, zungushia udongo na samadi, kisha livute juu ulijaze tena hadi gunia lijae. Maji yatapita kwenye kokoto hizo hadi chini. Toboa ubavuni upande miche ya sukuma.

Nyanya nanunua. Baridi na mvua zetu huziletea ukungu, na dawa ya kupulizia ingekula akiba yote.

Akiba yenyewe naipeleka kwenye maziwa. Chinsaga huwa chungu, na ikichemka na maziwa, hata watoto wanaikubali na obokima (ugali) bila kusukumwa.